Kikao cha Klasta na Uendeshaji wa Kazi Nyingi Ndani Yake

Maana

Klasta ni kundi la kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani wenye kasi na kuwekwa chini ya utaratibu mmoja, hata nguvu zake zote zikaombwa kwa mlango mmoja. Kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Kazi ni programu moja, au mfululizo wa programu, iliyoombewa nafasi ya kuendeshwa. Kikao ni kipindi ambacho sehemu maalumu ya klasta hukabidhiwa mtumiaji mmoja: viini kadhaa vya kichakataji, kiasi fulani cha memori, na saa zilizohesabiwa.

Kuendesha kazi nyingi ndani ya kikao kimoja ni kuzigawia programu kadhaa mgao ambao tayari umetolewa. Hapa maneno matatu hayana budi kutenganishwa. Ombi ni kile alichoandika mtumiaji. Mgao ni kile kilichotolewa na klasta. Matumizi ni kile ambacho programu zimekigusa hasa. Ombi kubwa lenye matumizi madogo hunyima wengine nafasi. Matumizi yanayovuka mgao huangusha kazi. Mgao wenyewe haukui kwa sababu kazi zimeongezeka, na karibu kila kanuni inayofuata hutokana na hilo.

Asili

Wazo la watu wengi kutumia mashine moja lilitangulia klasta. Mnamo 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ulionyeshwa mfumo wa CTSS, uliowawezesha watumiaji kadhaa kugawana kompyuta moja kubwa kwa vipande vidogo vya muda. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zilizotumia mfumo wa Linux, wakaliita kundi hilo Beowulf. Tangu hapo taasisi isiyoweza kununua kompyuta kuu iliweza kujijengea klasta kwa vifaa vya dukani.

Vifaa vilipoungana, mgawaji alihitajika. Programu za ugawaji zilizopata kuenea ni pamoja na PBS, iliyoanzia NASA katika miaka ya 1990, Grid Engine ya kampuni ya Sun, na Slurm, iliyoanzishwa katika maabara ya Lawrence Livermore, California, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Slurm ndiyo inayotumiwa zaidi siku hizi, na amri za ugawaji zinazotajwa katika makala hii ni zake.

Kenya ina mifano ya karibu. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha ILRAD ya Nairobi na ILCA ya Addis Ababa, ina klasta yake jijini Nairobi, inayoendeshwa kwa Slurm na kutumiwa hasa na wachambuzi wa vinasaba. Kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, nacho kipo karibu na Nairobi, na hutumia kompyuta za aina hii kuendesha modeli za hali ya hewa za Pembe ya Afrika.

Uhusiano na mahali

Mtumiaji si lazima akae karibu na klasta. Mfano ni Karurumo, kituo cha biashara katika Kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes. Hakina klasta, wala hakihitaji kuwa nayo, kwa kuwa kikao hufunguliwa kwa mbali. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, akiwa likizo nyumbani Karurumo, huhitaji kompyuta ndogo, mtandao, na akaunti aliyoruhusiwa. Hesabu hufanyika Nairobi. Kinachosafiri ni amri na maandishi ya majibu.

Maswali yanayopelekwa kwenye klasta pia hutoka katika maeneo kama hayo. Ng'ombe wa maziwa wafugwao zizini katika nyanda za mashariki ya Mlima Kenya hutishwa na ndigana kali, ugonjwa uletwao na kimelea Theileria parva na kuenezwa na kupe wa masikio. Jenomu ya kimelea hicho, iliyochapishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano uliohusisha ILRI, ina besi zipatazo milioni 8.3 katika kromosomu 4. Jenomu ya ng'ombe mwenyewe ina kromosomu 29 zisizo za jinsia zenye jumla ya besi karibu bilioni 2.49, bila kuhesabu zile za jinsia. Ya kwanza huweza kushughulikiwa na kompyuta ya mezani. Ya pili, ikichambuliwa kwa mamia ya ng'ombe, huhitaji klasta, na hugawanyika yenyewe kwa urahisi katika kazi 29.

Sehemu za klasta

Nodi ya kuingilia ni kompyuta ambayo mtumiaji huifikia kwanza kwa njia ya SSH. Shughuli zake ni kuandika skripti, kupanga mafaili na kuwasilisha maombi. Si mahali pa hesabu nzito. Mfano wake ni kiwanda cha kahawa cha ushirika, ambako mkulima hupimisha matunda yake, huandikiwa kilo, na huacha mashine ya kumenya iyafikie kwa zamu. Hamenyi kahawa mezani pa karani. Anayeendesha uchambuzi kwenye nodi ya kuingilia ni kama anayemenya mezani hapo, na kila aliye nyuma yake huona uzito.

Nodi za kazi ndizo zinazobeba hesabu. Hutofautiana: zipo za kawaida, zipo zenye memori kubwa kwa ajili ya kuunganisha jenomu, na zipo zenye vichakataji vya michoro kwa ajili ya ujifunzaji wa mashine. Nodi zinazofanana hukusanywa katika mafungu, na kila fungu huwa na masharti yake ya muda na ukubwa.

Mratibu ni programu inayopokea maombi, kuyapanga kwenye foleni na kutoa mgao. Haangalii tu nani aliwahi. Huzingatia pia ukubwa wa ombi na kiasi ambacho mtumiaji amekwisha kutumia siku za karibuni, ili aliyetumia kidogo asogezwe mbele. Huweza vilevile kuingiza kazi fupi katika pengo lililo wazi, mradi kazi kubwa iliyotangulia isicheleweshwe. Kwa sababu hiyo anayetaja muda wa kweli mara nyingi huanza mapema kuliko anayejiombea siku saba kwa kazi ya saa tatu.

Hifadhi ni za aina mbili. Diski ya pamoja huonekana na nodi zote kupitia mtandao; ndimo yalimo mafaili ya nyumbani ya mtumiaji. Diski ya ndani imo katika nodi moja, ni ya haraka, na hufutwa au kusafishwa baada ya kazi. Kazi nyingi zinazosoma na kuandika mafaili madogo kwa maelfu hufaa zaidi diski ya ndani, na matokeo ya mwisho tu hurudishwa kwenye diski ya pamoja.

Aina za vikao

Kikao cha mazungumzo hufunguliwa kwa amri ya salloc au srun. Mtumiaji hupewa terminali ndani ya nodi ya kazi, huandika amri na kuona majibu papo hapo. Hufaa majaribio, ukaguzi wa kasoro na kazi zinazohitaji jicho la mtu.

Kikao cha skripti huwasilishwa kwa amri ya sbatch. Maagizo yote huandikwa mapema katika faili moja, pamoja na mahitaji ya viini, memori na muda. Mratibu huiendesha nafasi ikipatikana, hata saa nane za usiku mwenye kazi akiwa amelala. Hufaa kazi iliyokwisha kujaribiwa.

Kikao kilicholindwa si aina ya tatu ya mgao. Ni namna ya kuuhifadhi mgao wa mazungumzo. Programu kama tmux na screen, zikianzishwa kwenye nodi ya kuingilia kabla ya kikao kuombwa, huishikilia terminali hata muunganisho ukikatika. Bila hizo, stima ikipotea Karurumo au bando likiisha, terminali hufungwa, ishara ya kukatika hupelekwa kwa programu zilizoitegemea, na kazi hufa pamoja nayo. Kwa hizo, mtumiaji huingia tena baadaye na kuikuta terminali palepale. Ulinzi huu hauongezi viini wala dakika. Saa ya kikao huendelea kuhesabiwa wakati wote.

Aina za kazi

Kazi huru ni zile ambazo hakuna inayosubiri jibu la nyingine. Uchambuzi wa kromosomu 29, kila moja peke yake, ni wa aina hii. Ndizo nyepesi kuziendesha kwa pamoja.

Kazi tegemezi hufuatana: kusafisha data, kuipanga juu ya jenomu, kisha kutafuta tofauti. Hizi haziwezi kukimbizwa sambamba ndani ya sampuli moja, lakini sampuli mbalimbali huweza kwenda sambamba, kila moja ikiwa katika hatua yake.

Kazi shirikishi ni programu moja iliyosambazwa juu ya viini au nodi nyingi huku sehemu zake zikipashana habari. Modeli za hali ya hewa ni mfano. Mawasiliano hayo hufuata kiwango cha MPI, kilichotolewa mwaka 1994. Kazi ya aina hii haichangamani vizuri na nyingine ndani ya kikao kimoja, kwa sababu sehemu moja ikicheleweshwa, zote hungoja.

Njia za kuendesha kazi nyingi

Njia ya mfululizo huendesha kazi moja baada ya nyingine. Ni salama na rahisi kufuatilia, ila viini vilivyoombwa zaidi ya mahitaji ya kazi moja hukaa bure.

Njia ya usuli huweka alama ya & mwishoni mwa kila amri ili terminali isingoje, kisha amri ya wait hufunga mlango hadi zote zimalizike. Hufaa kazi chache zinazojulikana idadi. Udhaifu wake ni kwamba huanzisha zote mara moja bila kuhesabu nafasi. Tena, wait ikisahaulika katika skripti, skripti hufika mwisho, mratibu huona kikao kimekwisha, na kazi zilizobaki hukatwa zikiwa njiani.

Njia ya kigawa kazi hutumia programu inayoshika orodha ya kazi na kuruhusu idadi maalumu tu kwa wakati mmoja. GNU Parallel, iliyoandikwa na Ole Tange, na xargs yenye chaguo la -P, ndizo maarufu. Kazi moja ikimalizika, inayofuata huchukua nafasi yake. GNU Parallel huweza pia kuweka daftari la kazi zilizokamilika, ili kikao kikikatika, kinachofuata kianzie pale kilipoishia.

Njia ya hatua hutumia srun ndani ya mgao ambao tayari umetolewa. Kila srun huwa hatua moja ya kazi kubwa, na mratibu huijua kwa namba yake, huipimia viini na memori, na huandika kumbukumbu yake. Kila hatua inapaswa kutajiwa mahitaji yake. Hatua isiyotajiwa huweza kushika mgao wote, na za nyuma yake zikabaki kungoja ilhali viini vinaonekana kuwa wazi.

Njia ya safu hutoka nje ya kikao kimoja. Amri ya sbatch yenye chaguo la --array=1-29%4 huwasilisha kazi 29 zenye skripti moja, zikitofautishwa kwa namba, huku 4 tu zikiruhusiwa kwenda pamoja. Kila kazi hupata mgao wake na muda wake. Moja ikianguka, nyingine hazidhuriki, na iliyoanguka hurudiwa kwa namba yake tu.

Hesabu ya nafasi

Idadi ya kazi zinazoweza kwenda pamoja haiamuliwi na viini peke yake. Huamuliwa na rasilimali iliyo finyu kuliko zote. Kikao cha viini 8 na memori ya gigabaiti 32 kichukuliwe kuwa mfano. Kila kazi ikihitaji viini 2 na gigabaiti 7, viini vinaruhusu kazi 4 na memori inaruhusu 4. Hitaji la memori likipanda hadi gigabaiti 10, viini bado vinaruhusu 4, lakini memori inaruhusu 3. Jibu ni 3, na viini 2 hubaki bila kazi.

Athari yake kwa muda hukokotolewa vivyo hivyo. Ikiwa kila kazi humaliza besi milioni 1 kwa dakika, kromosomu zote 29 za ng'ombe hudai dakika 2,490 za kazi. Kwa nafasi 4, muda mfupi kabisa uwezekanao ni kama dakika 622, yaani saa 10 na dakika 22. Kwa nafasi 3 ni dakika 830, sawa na saa 13 na dakika 50. Kikao cha saa 12 hutosha katika hali ya kwanza na hakitoshi katika ya pili, ingawa viini ni vilevile.

Mpangilio wa zamu

Kazi zisizolingana urefu huhitaji kupangwa. Kromosomu ya 1 ya ng'ombe ina besi karibu milioni 158. Ya 25 ina karibu milioni 42. Kromosomu ya 1 ikiachwa mpaka nyingine zote zimalizike, zile 28 huchukua takriban dakika 583 kwa nafasi 4, kisha dakika 158 huongezeka huku nafasi 3 zikikaa wazi. Jumla ni dakika 741, na kikao cha saa 12 huwa kimekwisha kabla ya kazi.

Dawa inayojulikana ni kuanza na ndefu. Mwaka 1969 mwanahisabati Ronald Graham alithibitisha kwamba kanuni hiyo, hata katika hali mbaya kabisa, haivuki muda bora kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa nafasi 4, haivuki kwa zaidi ya asilimia 25. Fupi zikibaki mwisho, hujaza mapengo.

Kuongeza nafasi nako kuna mpaka. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo huweka kikomo cha kasi. Programu ambayo sehemu moja ya kumi ya muda wake haigawanyiki haiwezi kuharakishwa zaidi ya mara kumi, hata ikipewa viini elfu.

Kasoro na dalili zake

Msongamano wa nyuzi ndio wa kawaida zaidi. Programu nyingi, zisipoambiwa, huanzisha nyuzi, yaani mikondo ya hesabu inayokwenda sambamba ndani ya programu moja, sawa na viini vyote zinavyoviona. Kazi 8 zenye nyuzi 8 kila moja hufanya nyuzi 64 kugombania viini 8. Dalili yake ni kazi kwenda polepole zikiwa nyingi kuliko zikiwa moja moja. Hutibiwa kwa kutaja idadi ya nyuzi waziwazi, kwa mfano kupitia kigeu cha OMP_NUM_THREADS.

Kuishiwa memori huonekana kwa kazi kukatwa ghafla, mara nyingi kwa msimbo wa kutoka wa 137, ambayo ni 128 pamoja na ishara ya 9, yaani amri ya kuua isiyokatalika. Ndani ya kikao chenye kazi nyingi, inayoangushwa si lazima iwe ile iliyovuka. Memori ni chungu kimoja kwa zote.

Kuishiwa muda huanza na onyo. Mratibu hupeleka ishara ya kusitisha, husubiri kidogo, kwa kawaida sekunde 30, kisha hukata. Programu inayohifadhi hatua zake mara kwa mara hupoteza dakika chache. Isiyohifadhi hupoteza yote.

Kugongana kwa mafaili hutokea kazi mbili zinapoandika katika faili lenye jina moja. Hakuna onyo linalotolewa, na matokeo huonekana kamili ilhali yamechanganyika. Hii ndiyo kasoro mbaya kuliko zote, kwa kuwa haijitangazi. Kila kazi inapaswa kupewa jina la faili lenye namba yake, na faili la muda la kwake.

Kuzidiwa kwa diski ya pamoja huwagusa hata wasiohusika. Viini na memori huwekewa kuta na mratibu, lakini diski ya mtandao mara nyingi haina kuta. Kazi 40 za mtu mmoja zikisoma kwa pamoja, mtafiti wa fungu jingine huona orodha ya mafaili yake ikichukua dakika nzima.

Tofauti na mambo ya jirani

Kikao cha klasta si seva. Seva hukaa macho ikingoja maombi ya watu. Kikao huwa na mwanzo, mwisho na mwenyewe. Klasta ya taasisi si wingu la kukodi: katika wingu mwenye fedha huongeza mashine muda huohuo, na kikwazo ni ankara; katika klasta ya taasisi mashine ni zilezile, na kikwazo ni foleni.

Kikao chenye kazi nyingi nacho si sawa na vikao vingi. Kikao kimoja huingia foleni mara moja, na kazi zake hugawana hatima: muda ukiisha, zote hukoma. Vikao vingi vidogo huingia foleni kila kimoja kivyake, lakini hujipenyeza katika mapengo na huanguka kimoja kimoja.

Kutokana na tofauti hizo, uchaguzi wa njia hupangika hivi. Kazi chache fupi zinazojaribiwa hufaa kikao cha mazungumzo na njia ya usuli. Kazi nyingi fupi mno, za dakika moja au pungufu, hufaa kigawa kazi ndani ya kikao kimoja, kwa sababu kuziingiza foleni moja moja humchosha mratibu bila faida. Kazi za urefu wa wastani zinazohitaji kumbukumbu ya matumizi hufaa njia ya hatua. Kazi ndefu na huru, kama zile 29 za kromosomu, hufaa safu, kwa kuwa hesabu ya memori hufanywa kwa kazi moja tu na kosa la moja haliziangushi nyingine. Kazi shirikishi hupewa kikao chake peke yake.